Bweni Lililopimwa kwa Njiti

Mwaka ule wa bei nzuri ya kahawa, baridi ya Nyeri ilitubana kwenye benchi la Shariff, muuza kahawa, karibu na msikiti, na hakuna aliyetulia. Zuena, binti yake wa Fomu Thri, alikuwa amesimama na sanduku akingoja basi la kurudi shule. Mwalimu mkuu alikuwa amempa mtoto wa kulinda: Wachuka wa Fomu Wani, anayeteswa na wakubwa bwenini. Wachuka ameapa akiguswa tena atatoroka, na shule ile haimpokei tena mtoro. Basi Zuena akatuomba ushauri. Kosa kubwa hilo!

— Piga mkubwa mmoja, alisema Seneta, muuza makaa. Mmoja tu, mbele ya wote!

— Wacha wewe! Breki, fundi wa magari, akaruka. Ampe huyo mtoto firimbi. Akiguswa apulize, mpaka Karatina wasikie!

— Firimbi ya nini? Seneta akamkata. Achimbe shimo chini ya kitanda, ajifiche. Si wazee wa Mau Mau walichimba kule msituni?

— Ati shimo kwa simiti? Breki akauliza.

— Kwani kuteswa kidogo ni mbaya? Inakomaza mtu. Si tuko na Kiberiti hapa!

Tukaangua kicheko. Kiberiti ni fundi viatu. Alipoingia sekondari, wakubwa walimpa njiti ya kiberiti wakamwambia apime bweni zima, akitambaa. Akipoteza hesabu, anaanza upya. Jina likamfuata mpaka mjini. Siku zote hucheka nasi. Siku hiyo hakucheka.

— Mjomba Kiberiti, Zuena akamgeukia, siku ile ungetaka mtu akufanyie nini?

— Mimi? Aniite jina yangu. Wote walikuwa wananiita mono, mono, kama kila mgeni wa Fomu Wani, halafu Kiberiti. Mtu mmoja tu angeniita jina yangu, aniambie inuka, ningeinuka pale chini.

Basi likapiga honi. Zuena akainua sanduku.

— Asante, mjomba... Kwani jina lako ni nani?

— Si huyu ni... Seneta akakwama.

Breki akainama kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa. Mimi nimekaa na mtu huyu tangu bendera ya uhuru ipande, na sikulijua. Niliona haya, wallahi.

— Gicheru, alisema mwenyewe.

— Kwaheri, mjomba Gicheru.

Basi likashika barabara. Tukapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Shariff, Seneta akaanza, hebu mwongezee Kibe...

Akajirekebisha: mwongezee Gicheru.