Hudson Kirimi, Mtunza Zana wa Karakana ya Amu (1961–2025)

Marehemu Bwana Hudson Kirimi, tunayemzika leo hapa shambani kwake Hindi, Lamu bara, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Igoji, Meru, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Jabez.

Alisoma shule ya msingi huko huko Igoji, kisha akajifunza useremala katika chuo cha ufundi kijijini, 1978 hadi 1980. Tuseme ukweli: meza yake ya mtihani iliyumba mbele ya wasahihishaji. Lakini ghala la chuo, tangu akabidhiwe funguo, halikupoteza hata patasi moja, na mwalimu wake alimwandikia barua ya kumsifu.

Barua hiyo ilimpa kazi ya kutunza ghala mjini Isiolo mwaka 1982. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Gakii, nao wakajaliwa Nerea na Owen. Mwaka 1988 nafasi yake ilifutwa. Alikaa nyumbani miezi kumi na minne. Alimwambia mkewe kwamba kinachomuuma ni kuamka asubuhi na hakuna mahali anapongojwa. Tangu hapo aliogopa jambo moja tu, kuachishwa kazi tena.

Oktoba 1989 aliajiriwa Amu, kisiwani Lamu, katika karakana ya milango na vitanda ya Bwana Taha Nur. Alikuta zana za mafundi saba zimerundikwa katika sanduku moja: tezo, misumeno, keekee za kutobolea mbao na pinde za kuzizungushia. Fundi akitafuta chake, anakata kidole. Mafundi walipokwenda mapumziko ya Idi, Aprili 1990, Hudson alijifungia humo siku tatu. Alitundika kila kitu ukutani kwa aina na ukubwa, tezo na tezo, randa na randa. Kisha, kwa kutaka sifa, akaipiga msasa mipini yote na kuipaka vanishi ifanane.

Waliporudi, hakuna aliyeweza kufanya kazi. Kila mpini ulikuwa umeliwa na kiganja cha mwenyewe kwa miaka, na yeye alikuwa ameusawazisha.

"Bwana Hudson," alisema Bwana Taha, "karakana imekuwa nzuri kama duka, lakini mkono wangu hauyui ndia ya kuifikia tezo yangu. Una wiki moya ya kuirekebisha."

Wiki hiyo hakugusa chombo. Aliketi akitazama kila fundi mkono wake unakoelekea, na hapo ndipo alipopiga kigingi. Kila fundi akapata ukuta wake. Tezo zilining'inia kwa shingo kati ya vigingi viwili. Keekee ilimtoa jasho, maana haina mgongo wala tumbo, na upinde wake huteleza. Aliichongea kitanda cha mbao, na kitanda hicho hakikuyumba. Mafundi walimtania kuhusu ile vanishi mpaka mwaka huu, lakini tangu wiki hiyo hakuna aliyekata kidole akitafuta chombo. Sisi watoto wake, Nerea na Owen, tuliona fahari kutambulishwa mjini kuwa watoto wa Bwana Hudson.

Kisukari kiligunduliwa 2011, na kufikia 2019 kilikuwa kimemnyima macho yote mawili. Alimwomba Owen ampeleke akarudishe funguo za karakana. Alivaa koti la kanisani, akalia njiani. Bwana Taha hakuzipokea.

"Funguo za nini? Mato ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi hii? Ngia ndani, Mahdi ataka keekee yake."

Aliingia. Alipapasa ukuta wa fundi Mahdi, akaishusha keekee pamoja na upinde wake, akamkabidhi mkononi. Miaka sita alifanya hivyo, na hakumpa mtu chombo cha mwenzake hata mara moja.

Alhamisi tarehe 6 Februari 2025 alifunga karakana jioni kama kawaida. Ijumaa figo zilishindwa kufanya kazi, akalazwa hospitalini Amu. Alifariki Jumapili alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake Gakii, watoto Nerea na Owen, wajukuu watatu, na mafundi saba waliovuka bahari asubuhi hii kutoka Amu wakiwa na jeneza walilolichonga wenyewe. Bwana Taha ameomba isomwe hivi, neno kwa neno: Hudson Kirimi hakustaafu, wala hakuachishwa. Amefariki akiwa kazini.

Mungu ampumzishe kwa amani.