Kuongeza .exe

"Jana wanafunzi arobaini wananiangalia, Roy, na kompyuta inakataa kufungua faili yako!" Mwalimu Muthoki hakujali kama basi zima la Kajiado linamsikia. Alikuwa amemwomba Roy amtengenezee programu ya kuendesha Lua, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta za shule, zote za Windows.

"Niliicompile mwenyewe, mwalimu, ikawa programu kamili."

"Kwa laptop yako ya Linux, si ya Windows. Na ukaiambia hiyo laptop itengeneze ya Windows?"

Roy alijikuna shingo. "Niliongeza tu .exe kwa jina la faili, kama zile za Windows."

Abiria mmoja aliguna, ingawa hakuelewa chochote.

Muthoki alipandwa na mori. "Kwa hivyo mimi Mkamba, ukiniita Nyawira, nitaanza kuongea Kikuyu?"

Basi liliposimama Isinya, Roy alishuka, ingawa alikuwa anaenda Kajiado.