Kacaw Fotol na Alama ya Kidole ya Tarehe 14 Mei

Ndugu waombolezaji, mimi ni Panay, mpwa wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, na naomba tarehe zisikilizwe vizuri, maana humu kanisani wamo watu wa televisheni, nao wana tarehe zao.

Mzee wetu Kacaw Fotol alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika kijiji hiki cha sisi Waamis, wenyeji wa asili wa Taiwan, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1958 hadi 1964, akawa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, na mwaka 1968, kwenye sikukuu ya mavuno, akaingizwa rika pamoja na wenzake wanane, wakamfanya kiongozi. Alipakia mbao katika mji wa Chenggong, na tarehe 6 Aprili 1974 alihamia nyumbani kwa mkewe, mama yetu Dongi, kama desturi yetu ilivyo, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 2 Novemba 1983 ghala la mbao liliungua, polisi wakamshika mmoja wa rika lake, marehemu akawaongoza wenzake kituoni akasema kosa ni letu sote, kwa kuwa kwetu mmoja akituhumiwa rika zima hubeba aibu, kiongozi akitangulia. Polisi wakaandika kwamba amekiri, wengine wakafukuzwa pale kituoni, na tarehe 17 Februari 1984 akafungwa, akakaa ndani miaka minane, mpaka ilipothibitika kwamba moto uliletwa na nyaya za umeme.

Mwaka jana Bwana Hsieh, mtayarishaji kutoka Taipei, alikuja na tamthilia ya kesi hiyo, akitaka mwigizaji wa mjini apakwe rangi ili amwigize yeye, na lile rika liondolewe, abaki wakili aliyemtetea peke yake kuwa shujaa.

“Mzee, watazamaji hawataelewa watu tisa,” alisema.

“Mbona besiboli wanaielewa?” marehemu akamjibu. “Na mimi sikufungwa kwa rangi ya kupaka. Mlete Mwamis, na wote tisa waonekane, la sivyo sisaini.”

Mapafu yalimlaza hospitalini Januari 2018, tarehe 12 Mei akapoteza fahamu, hazikumrudia tena, akafariki tarehe 16 Mei saa nane mchana. Jana Bwana Hsieh alileta shada kubwa, na nyuma ya shada karatasi ya ridhaa, inayoruhusu kampuni kumweka mwigizaji yeyote, ikiwa na alama ya kidole gumba ya tarehe 14 Mei. Hatumtaji mtu, lakini daftari la wageni la hospitali la siku hiyo lina mtu aliyejiandika mpwa, ambaye ukoo huu haumjui, na njia ya mwongo ni fupi. Tumeumia, tena sana.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyelitunza daftari hilo, majirani waliotupikia, na wapakiaji wenzake. Shada tumelipokea, karatasi hatukuipokea. Wanarika wanne waliobaki, mnaowaona wamesimama mlangoni, wamesema jeneza halitoki, wala mgeni hatoki, kabla karatasi hiyo haijawekwa mikononi mwa mjane.

Mjomba, wewe pumzika kwa amani. Sisi bado.