Siku Arobaini na Mbili za Sitan

Benchi letu liko mbele ya cherehani yangu, upande wa kivuli, katika mtaa wa wapaka nili, watia nguo rangi ya bluu, hapa Segu. Lina miguu mitatu yake na mmoja wa kuazima, kwa hiyo anayekaa mwishoni akiinuka bila kutoa taarifa, wenzake wote wanakwenda chini. Wakaaji ni watatu, mimi wa nne. Redio hana kazi inayojulikana, ila habari zote za mtaa hupita kwake kwanza, na zikitoka huwa zimenenepa. Daktari Punda anauza maji kwa mkokoteni, na kwa kuwa aliwahi kumtibu punda wake kikohozi akapona, hakuna ugonjwa wa binadamu asioujua. Mkubwa wetu ni Haji Kesho, maana kila jambo kwake ni kesho. Mwaka wa kumi na moja huu anakwenda Makka mwakani, na ile kanzu nyeupe ya safari niliyomshonea anaivaa kila siku ili mwili uizoee. Mimi ni Keita, fundi, na kazi yangu ya pili ni kuchemsha chai: jiko la mkaa, birika dogo la bluu, duru tatu, basi. Siku hiyo palikuwa na mtu wa tano, mgeni aliyeshuka kwenye basi la Bamako suruali imempasukia nyuma. Alikaa mlangoni kwangu, kajifunga kitenge cha mteja kiunoni, anangoja nimshonee.

— Leo siku ya kumi na sita, akasema Redio. Na kondoo hatujamwona.

— Kondoo gani? akauliza mgeni.

— Kondoo wa mtoto wa Sitan! Mtoto kazaliwa, siku ya saba imepita, jina hatujasikia, nyama hatujaonja. Wewe kwenu mnafanyiana hivyo?

— Huyo Sitan ni nani?

Hapo wote wakasema kwa pamoja. Nitakusimulia mimi, maana wao walikuwa wanarushiana mate. Sitan Kulibali ndiye mpaka nili hodari kuliko wote mtaani, jina lake la utani Winchi. Beseni la nguo zilizolowa, ambalo wanaume wawili hulizunguka wakishauriana, yeye hulitia kichwani peke yake na njiani bado anapata pumzi ya kututukana. Basi Winchi kaenda hospitali, kalazwa siku nne, karudi anatembea polepole, na tangu hapo yuko kitini mlangoni kwake, hashiki kitu.

— Sasa sikiliza, mgeni, akasema Redio, nikufundishe kufikiri. Kalazwa wodi ya wanawake. Mumewe, Zumana, kafukuzwa chumbani, analala barazani. Asubuhi uji wa pilipili, jioni uji wa pilipili. Kaambiwa asiguse kazi siku arobaini na kidogo. Mwanamke wa namna hiyo anaitwaje?

— Mzazi, akasema mgeni.

— Umeona? Mgeni, hana suruali, lakini kaelewa.

— Ana miaka hamsini na mmoja, nikasema mimi, macho kwenye sindano.

— Bibi Sara alikuwa na tisini, akasema Haji Kesho. Usimpangie Mungu.

— Ila mtoto hajaonekana, akasema Daktari Punda. Mimi nasema kazaliwa kabla ya wakati. Wamemweka kwenye sanduku la kioo kule hospitali. Punda wa binamu yangu alizaliwa vile, akawekwa kwenye majani makavu.

— Sanduku gani! akasema Redio. Ni watatu. Watatu kwa mpigo! Jina moja kondoo mmoja, majina matatu kondoo watatu. Zumana kapiga hesabu akaona bora awafiche mpaka wafike umri wa kwenda jeshini.

— Na mmoja ana meno, akasema Haji Kesho.

— Nani kakwambia?

— Hakuna aliyeniambia. Lakini kama si meno, wanamfichia nini?

Mgeni alikuwa anacheka mpaka kitenge kinalegea. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua.

Sisi akina Keita na wao akina Kulibali ni watani tangu mababu. Mimi namwita Sitan mtumwa wangu, yeye ananiita mla maharage, na kati ya watani haya haina kazi. Ndiyo maana aliniambia mimi, alipokuja siku ya tano nimpime gauni pana lisilobana tumbo. Alisema kizazi chake kilishuka. Miaka saba alitembea nacho kati ya mapaja, anakirudisha kwa mkono kila asubuhi, anajifunga kanga tatu, anakwenda kubeba mabeseni. Amezaa sita na kubeba miaka thelathini. Hospitali wamekirudisha mahali pake na kukishona, na daktari kamwambia: siku arobaini na mbili usinyanyue kitu kizito kuliko birika la maji, usichuchumae, usijikamue, mume akae mbali. Nyuzi zikikatika, tunarudi mwanzo.

“Sasa leo wifi kaniwekea beseni mbele,” alisema. “Ananiuliza, miguu si unayo? Nimwambie nini, Keita? Nimwambie kimenishuka nini?” Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona Sitan akilia, na sikupenda hata kidogo.

Kesho yake umbea wa Redio ulifika mtaa mzima. Wifi akasikia neno mzazi, akalichukua beseni mwenyewe. Watu wakaanza kuleta sabuni. Daktari Punda akaanza kupitisha pipa la maji kila asubuhi. Nilikwenda mbio kumuuliza Sitan kama niukanushe. Alicheka huku kajibana mto tumboni, machozi yanamtoka. “Uache,” akasema. “Huyu mtoto ananibebea maji. Sita niliowazaa hawajawahi.”

Kwa hiyo nikauacha. Basi siku hiyo ya kumi na sita nilikuwa namimina duru ya pili nilipomwona anakuja, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kitambaa kilichokunjwa.

— Wala maharage, hamjambo?

— Mtumwa wangu huyo, nikasema. Karibu. Gunia lako tayari.

— Gunia la kushonwa na Keita? Hata maharage yenu yangevuja.

Nikampa kiti changu chenye mto, maana benchi lile si la mtu mwenye nyuzi. Wote wakasimama kumpa heshima, wakishikana wasianguke.

— Hongera, mama! akasema Redio.

Sitan akanitazama. Mimi nikazama kwenye suruali ya mgeni.

— Ahsanteni.

— Wa kiume au wa kike?

— Hajaamua.

Daktari Punda akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua tangu zamani.

— Anafanana na nani?

— Na Keita. Katoka ananuka maharage.

— Na ni mmoja? akauliza Redio, kainama mbele. Sema kweli. Ni mmoja tu?

— Kuna siku mmoja, kuna siku watatu. Inategemea nimelalaje.

— Nilisema! Nilisema mimi!

— Meno je? akauliza Haji Kesho.

— Kamng'ata Zumana. Mnadhani kwa nini analala barazani?

Hapo Sitan mwenyewe akashikwa na kicheko. Akajikandamiza kile kitambaa tumboni kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, hatoi sauti.

— Msinichekeshe, akasema kwa tabu. Msinichekeshe, wallahi, nitawashtaki.

— Anakula nini mtoto?

— Maji. Anataka maji tu. Mapipa mawili kwa siku.

— Namletea matatu! akasema Daktari Punda. Punda yuko tayari!

— Na kondoo? akauliza Redio.

— Siku ya arobaini na mbili. Zimebaki ishirini na sita. Noeni visu.

Redio akapiga magoti akabusu benchi. Nilidhani mambo yameisha hapo, na kwangu mimi yangeisha vizuri kabisa.

Ndipo akapita Awa, mke wa Haji Kesho. Alikuwa anatoka mtoni na beseni kichwani, nguo za Sitan hizo, nili inachuruzika mpaka kwenye viwiko. Tangu juzi ndiye aliyekuwa anambebea, kwa ajili ya mzazi. Alipofika kwenye ukuta wangu akasimama. Akaweka mkono ukutani, akabana mapaja, akavuta pumzi, akafumba macho kidogo. Kisha akajipandisha kanga iliyobanwa juu ya kanga nyingine na kutaka kuendelea.

Sitan aliacha kucheka.

— Awa. Shusha.

— Nakaribia kufika, shoga. Wewe kaa ulee mtoto.

— Shusha nimesema!

Ile ilikuwa sauti ya Winchi. Awa akashusha beseni njiani, pale pale mbele ya benchi.

— Hakuna mtoto, akasema Sitan.

— Mama, usitanie, akasema Redio.

— Hakuna mtoto. Nina miaka hamsini na mmoja, mtoto natoa wapi? Kizazi changu kilishuka. Ndiyo, Redio, kitangaze, leo nakupa habari ya kweli, ujue ladha yake. Kilishuka miaka saba iliyopita, sikumwambia mtu kwa sababu ya aibu, na nikaendelea kubeba. Sasa kimeshonwa. Mnaona hili?

Akanyanyua birika langu la bluu kutoka kwenye jiko kwa pindo la kanga, akaliinua wote walione.

— Hiki ndicho kipimo changu. Zaidi ya hiki, nyuzi zinakatika. Nimekaa kimya mnisaidie kwa sababu ya mtoto, maana kwa sababu yangu nisingepata hata kata moja ya maji. Mmenichekesha, Mungu awalipe. Lakini sitakaa kitini nipone huku mwenzangu anaharibika kwa kubeba mzigo wangu.

Redio alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Niliandika tarehe ukutani baadaye, haijawahi kutokea.

— Kwa punda... akaanza Daktari Punda.

— Nyamaza na punda wako, nikamwambia.

Awa alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Haji Kesho alimtazama mkewe, kisha Sitan, kisha mkewe tena.

— Sitan, akasema polepole. Hicho kitu kikishuka, mtu anatembeaje?

— Usiniulize mimi. Mwenye kujua kasimama hapo ukutani.

Nilimsikia punda akitafuna. Awa hakukana. Akajifuta uso kwa mkono wenye nili, shavu likabaki bluu.

Mgeni, ambaye hakuwa na ndugu wala suruali pale, akanyoosha shingo kutoka mlangoni.

— Samahani, wazee wangu. Sasa hili beseni anabeba nani?

Tukalitazama. Sitan haruhusiwi. Awa haifai. Wifi yuko sokoni. Redio akaanza kuchunguza kucha zake. Daktari Punda akakumbuka kwamba mkokoteni umejaa mapipa. Mimi nilikuwa na sindano mkononi, nikaishika vizuri zaidi. Beseni la kike, kichwani, njia nzima, mbele ya watu wote. Nakiri kwamba niliona aibu, lakini aibu yenyewe haikuninyanyua.

Haji Kesho ndiye alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi. Aliinuka bila kutoa taarifa.

Redio akaenda chini, Daktari Punda akaenda juu yake, glasi mbili zikaenda zao. Haji hakugeuka hata kutazama. Alikunja mikono ya kanzu, akachuchumaa, akaguna, akalitia beseni kichwani. Maji ya nili yakashuka shingoni, mgongoni, kifuani, mistari mirefu ya bluu juu ya kile kitambaa cheupe nilichokishona kwa siku tisa.

— Kanzu yako ya Makka! akapiga kelele Awa.

— Makka haihami. Wewe twende hospitali.

Awa akamkazia macho. Ameishi na mtu huyu miaka ishirini na minane, anajua kibao chake kinavyoanza na kinavyoisha. Sote tunajua. Redio, akiwa bado chini ya Daktari Punda, alishatengeneza mdomo kulitamka lile neno pamoja naye.

— Lini? akauliza Awa.

— Leo, akasema Haji Kesho. Nikishusha hili tu. Kavae viatu.

Akaondoka na beseni lake, anayumba, anadondosha bluu njia nzima, na mgeni akatoka mbio kumshikia upande mmoja, kitenge kimoja tu kati yake na aibu kubwa. Daktari Punda naye akaanza kushusha mapipa ili mkokoteni umchukue mgonjwa. Sitan alikuwa kajikunja kitini, kitambaa tumboni, anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

— Keita, akasema, nishikilie, nyuzi hizo!

— Kaa sawa, mtumwa wangu, nikamwambia. Duru ya tatu bado.

— Lete, nimimine mimi. Daktari kaniruhusu birika.

Akamimina kwenye glasi mbili zilizobaki, na tukanywa.