Mwali Aliyekalishwa Uani

Benchi la kahawa la Bi Mwanaheri lipo Kibiti, nyuma ya stendi, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kinachowahusu, na mwenye kahawa ndiye mkubwa wao. Ni kungwi; amewafunda wari, wasichana waliovunja ungo, toka hapo hadi Mchukwi, wakaujua mwili wao na mambo ya mume. Asubuhi hiyo kifuani alikuwa na barua ya posa. Nassibu, fundi simu, anamtaka Mwantumu, mjukuu wa Bi Mwanaheri wa miaka ishirini na minne, anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu tangu miguu imgomee utotoni. Jibu linatakiwa Ijumaa.

— Mie nakataa, alisema Bi Mwanaheri. Mwantumu hajui mambo ya mume.

— Na Nassibu anataka nini hasa? aliuliza Gharibu, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimwi.

— Baiskeli, alisema Badru. Huyu wanamwita Hakimu. Hajahukumu hata kuku. — Ina matairi matatu. Moja la akiba hilo.

— Wapi, Hakimu. Hayo mambo ya mitandao. Atampiga picha, Wazungu watalia, watampeleka Nassibu Ulaya.

— Na mke?

— Atabaki kulinda simu.

— Lakini asiyetembea hakimbii nyumba, alisema Badru. Mie nimekimbiwa mara tatu, na wote walikuwa na miguu.

— Walikuwa na masikio pia, alisema Bi Mwanaheri. Walikimbia mdomo wako.

— Bi mkubwa, nasikia mjukuu anakwenda darasa la uzazi la nesi Elieth, alisema Gharibu.

— Anapoteza muda wake. Kumnusisha pilau mtu asiyealikwa.

Baiskeli ikaja ikilia kwikwi, ikasimama mbele ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mjukuu wangu. Nesi kawafundisha nini?

— Leo kaanza kwa kuuliza. Kila msichana amtaje aliyemfunda kwanza. Subira kasema Bi Mwanaheri. Rukaya, Bi Mwanaheri. Nesi kasema huyo bibi anastahili cheti.

Bi Mwanaheri akauweka sawa ushungi.

— Zamu yangu ikafika, bibi. Mimi nimtaje nani?

Redio ikazimika. Hakimu akachungulia ndani ya kikombe chake. Mwaka ule wenziwe walipowekwa ndani kufundwa, Bi Mwanaheri alimkalisha Mwantumu uani alinde mpunga usiliwe na kuku. Ngoma aliisikia kwa ng'ambo ya ua. Na bibi mtu alilala usingizi mzuri, akijiona ana huruma.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nendeni.

Badru akainua birika. Lilikuwa zito, bado linafuka. Akalirudisha polepole, akamshika Gharibu mkono, wakaondoka.

Bi Mwanaheri akaichomoa barua kifuani, imelowa jasho, akampa Mwantumu ajibu mwenyewe.