Kufuli: Wasifu wa Mtu Aliyejua Kunyamaza

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kufuli, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Jina hilo alilipata darasa la tano. Kioo cha dirisha kilivunjwa, yeye alimwona aliyekivunja, akaulizwa, akala viboko vya watu wawili bila kufungua mdomo.

Alipata shahada ya uchumi mwaka 1978 na ya uzamili ng'ambo mwaka 1981. Akaajiriwa na benki ya uwekezaji, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha kuuza na kuunganisha makampuni. Mawaziri walimpigia simu kabla hawajapiga mswaki. Matajiri wasiosalimiana waliketi meza moja kwa sababu yeye ndiye aliyeipanga. Kazi hiyo ilikuwa na mwiko mmoja: habari ya kampuni inayouzwa haitoki nje, hata kwa mke.

Mwaka 1985 alimwoa mwalimu wa hisabati, wakajaliwa mabinti wawili. Mama huyo alizoea kumsikia akiongea na simu bafuni, bomba likiwa wazi.

Mwiko huo uliigawa familia hii, na hapa hakuna asiyejua. Aprili 2009, mdogo wa marehemu, msimamizi wa tanuri katika kiwanda cha vioo, alikuja kwake kula chakula cha mchana. Fununu kwamba kiwanda kinauzwa zilikuwa zimeenea, na kiwanda kingine kilikuwa kimemwita, kikitaka jibu Jumatatu.

"Kaka, sikuulizi ya wakubwa. Niambie moja tu, nibaki au niondoke?"

Marehemu alimsogezea sahani.

"Kula, mdogo wangu. Chakula kinapoa."

Mdogo mtu akabaki. Mwezi uliofuata kiwanda kiliuzwa kupitia benki ya marehemu, tanuri likazimwa, na ile nafasi nyingine ilishachukuliwa. Miaka kumi na tano hakukanyaga kwa kaka yake. Iliwauma wote wawili.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika na saratani ya ini, na hata hilo alilificha. Mdogo wake alisikia kwa watu, akaja hospitali Julai ya mwaka uliofuata. Daktari alimweleza kwenye korido kwamba dawa hazisaidii tena. Mdogo mtu akaingia wodini bila salamu.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Hakujitetea. Mke wa marehemu, aliyekuwa kando ya kitanda, akatamani kutoka. Kisha marehemu akauliza, "Daktari kakwambia nini? Nitapona?"

Mdogo wake alivuta kiti, akachukua bakuli na kijiko.

"Kula, kaka. Chakula kinapoa."

Marehemu alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika, halafu akafungua mdomo. Alilishwa na mkono huohuo hadi alipofariki tarehe 14 Agosti 2024.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada wawili, na mdogo wake, ambaye leo ameomba kubeba jeneza upande wa kichwani.

Pumzika kwa amani, Kufuli. Tumekuelewa.