Niliaga Kazi Mchana Kweupe

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hapa juu Ufipa kwenye baridi, asifiwe na kule chini Bondeni kwenye joto, maana kote amenipitisha na kote nimemwona!

Naitwa Kasiano. Wengi wenu mnanifahamu kwa maharage yangu ya kule Izia ninakolima, wala hamjui kwamba mikono hii ilishika usukani wa lori kabla ya kushika jembe. Leo nataka kusimulia jinsi Mungu alivyonitoa kazini. Naona mnacheka. Wenzangu husimama hapa wakashuhudia jinsi Mungu alivyowapa kazi. Mimi nashuhudia jinsi alivyonifundisha kuiacha.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wakati watu walikuwa wanahama kutoka mashambani kwao kwenda kujenga pamoja, na sabuni ilikuwa bidhaa ya kupangia foleni. Mwajiri wangu alikuwa Mzee Salehe, mfanyabiashara wa hapa mjini, Mwislamu mcha Mungu, mwenye duka na lori moja la bluu. Ndugu zangu, mzee huyu hakunikosea. Nalisema mapema kwa sababu mmezoea shuhuda za mabosi wakatili, na mimi bosi wa namna hiyo sikuwa naye. Alinikuta nikibeba magunia sokoni, akanifundisha udereva kwa gharama yake, akanipa vyumba viwili uani kwake, mtaa wa Chanji, nikae na mke wangu. Binti yetu wa kwanza, Atupele, alipozaliwa, Bi Zuhura, mke wa Mzee, ndiye aliyempikia mke wangu uji wa mzazi mpaka akapata nguvu.

Kazi yangu ilikuwa kushusha chumvi, nguo na mafuta ya taa mpaka Mtowisa, kule Bondeni, na kurudi na mpunga. Juu ya mizigo walikaa watu, kwa kuwa usafiri mwingine ulikuwa wa kubahatisha. Mteremko wa kwenda Bondeni mnaujua. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule hakuna kitu, na ukichungulia unaona miti ya chini kama majani ya mchicha. Nilikuwa naushuka huku napiga mluzi.

Mpaka siku moja ya masika. Mbele yangu lilitangulia lori la watu wengine, likiwa na abiria. Kwenye kona yenye tope likateleza, likaenda chini. Nilisimamisha gari nikashuka na wenzangu, tukawatoa tuliowaweza. Wapo waliopona, na wapo ambao tuliwafunika kwa turubai langu. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Tangu siku ile, ndugu zangu, mikono yangu haikuwa yangu tena. Kwenye tambarare niliendesha vizuri. Lakini nikifika pale barabara inapoanza kuinama, vidole vinatetemeka juu ya usukani, na jasho linanitoka kwenye baridi ya kuvaa koti. Nyuma abiria wanaimba, wanaulizana habari za shangazi zao, hawajui kwamba mtu aliyewabeba amekaza meno mbele. Nyumbani nikawa mkali bila sababu. Chakula nakiangalia tu. Mke wangu akiuliza, najibu nimechoka.

Mtauliza, kwa nini hukusema? Nimwambie nani? Dereva miaka ile alikuwa mtu mkubwa. Watoto walikimbilia lori wakiita jina lako. Sasa dereva aseme anaogopa barabara? Tena nimwache Mzee Salehe aliyenitoa kwenye magunia? Na nikiacha kazi, nyumba nimeacha. Nitalala wapi na mke na watoto?

Shetani akaniletea mpango, na ulionekana mzuri. Nishuke na lori mpaka Mtowisa, nipakue mzigo, niache ufunguo kwa mwenye duka pale, kisha nishike njia kwa miguu kwenda kwa mjomba wangu kule kule Bondeni. Mke wangu atanifuata baadaye na watoto. Watu wengi waliacha kazi hivyo. Ukiamka, mtu hayupo, na koti lake halipo.

Nilimweleza mke wangu akiwa anachambua maharage kwenye ungo. Yeye ni Mnyakyusa wa Mbeya, si mwepesi wa maneno. Kwanza nilimweleza habari za mikono, akaacha kuchambua, akaishika, akakaa nayo muda mrefu. Kisha nikamweleza mpango wangu. Akaiachia, akarudi kwenye maharage yake. Nikadhani amekubali.

Akasema, "Baba Atupele, nyumba hii tuliingia kwa mlango wa mbele, tukakaribishwa. Mimi sitatokea dirishani."

 Ndugu zangu, neno lile moja lilinitosha. Najua kuna mtu hapa anawaza kwamba hata Waisraeli walitoka Misri usiku. Ni kweli. Lakini Mzee Salehe hakuwa Farao!

Jumapili ile nilibaki kanisani baada ya ibada, nikamfuata mzee wetu wa kanisa, Ndugu Ambakisye, naye mtu wa Mbeya, karani katika ofisi ya serikali. Nilitaka aniombee tu. Akaniombea, tena kwa machozi. Tulipofumbua macho akaniambia kwamba maombi yamekwisha na sasa tufanye kazi, akatoa karatasi.

Mtu yule alinifundisha kuacha kazi kama mtu anavyofundishwa kubeba mtoto mchanga. Alisema kwanza nimwendee mwajiri wangu mwenyewe, nimwambie kwa mdomo, kwa sababu si vizuri mtu asome kwenye karatasi jambo ambalo ungeweza kumtazama usoni ukamweleza. Barua ije baada ya maneno. Akasema nitoe notisi ya mwezi mzima, nisichague wakati wa mavuno ya mpunga ambapo lori linahitajika kuliko wakati wote, na niahidi kumfundisha atakayeshika nafasi yangu. Akasema nisimtangulize mtu mwingine kunisemea, na habari isimfikie Mzee kutoka sokoni kabla haijatoka kinywani mwangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumwaga yote, ajali, usingizi, hofu, na shukrani kurasa mbili. Ndugu Ambakisye akafuta karibu yote. Akaniambia barua ya kuacha kazi si mahali pa kulia wala pa kugomba. Ikabaki fupi: naomba kuacha kazi, siku yangu ya mwisho ni tarehe fulani, nitamfundisha mwingine na kukabidhi kila kitu, nashukuru kwa wema ulionitendea. Basi. Nilipoisoma nikaona ni mimi, ila mimi niliyenyooka.

Nikafunga na kuomba. Nikaenda dukani mchana, Mzee alipotoka kuswali.  Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia vizuri, akanionyesha kiti. Nikasema sikuja kukaa, kisha nikakaa, kwa kuwa nilikuwa naanguka. Nikamwambia nimekuja kumuaga, naomba kuacha kazi.

Uso wake ulibadilika. Akauliza, "Nani amekuchukua?"

"Hakuna, Mzee. Naogopa mteremko. Tangu lile lori lianguke mbele yangu, mikono yangu inatetemeka."

Nilimnyooshea ile mikono, sijui kwa nini. Mzee Salehe aliitazama. Akainuka, akawaomba wateja waliokuwepo warudi baadaye, akafunga mlango mmoja wa duka. Nikajua sasa nafukuzwa, na jioni hii tutakuwa barabarani na magodoro. Moyoni nikasema, Bwana, niko mikononi mwako, nimesema kweli.

Alirudi akaketi, akaniuliza polepole kama nimeubeba mzigo huo peke yangu muda wote huo. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. Akanisimulia habari za madereva waliopita kabla yangu. Mmoja aliliacha lori kando ya njia, likakutwa halina matairi. Mwingine alituma salamu kutoka Mbeya, ameshakuwa huko wiki nzima.

Kisha akasema, "Wote walionikimbia, Kasiano, walikuwa wanangu pia. Wewe ni wa kwanza kunipa mkono wa kwaheri. Basi na mimi nitakupa wangu."

Akanipa mkono, ndugu zangu! Akavaa miwani, akaisoma barua yangu mpaka mwisho, akaikunja na kuitia katika mfuko wa kanzu. Akaniagiza kwamba kuanzia siku ile nisiendeshe tena kwenye mteremko. Mpwa wake Yusufu, mtu mzima aliyekuwa akiendesha magari kwenye tambarare za huku juu, ndiye atakayeshika usukani, na mimi nikae kando yake nimfundishe mpaka mwezi uishe. Na kuhusu nyumba, akasema hafukuzi mtu anayeaga. Tukae uani mpaka tupate paa letu.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga vyombo kwenye shuka, tayari kwa lolote. Alipouona uso wangu akaanza kuvifungua kimoja kimoja, huku anacheka na kulia.

Sasa sikilizeni tendo la Mungu.

Yusufu alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini mteremko si kitu cha kuambiwa. Safari yetu ya pili pamoja, tulikuta ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nyuma tulikuwa na abiria wengi, akina mama na watoto wao. Tukaingia. Baada ya kona za kwanza gari likaanza kukimbia kidogo, na Yusufu akafanya kosa ambalo kila dereva mgeni hulifanya, akakanyaga breki na kuing'ang'ania. Nikasikia harufu ya breki kuungua. Nikamwangalia. Alikuwa anatetemeka vile vile nilivyokuwa natetemeka mimi.

Ndugu zangu, nilikuwa naijua hali ile kuliko mtu yeyote chini ya jua. Nilijua kwamba ukimpigia kelele mtu aliye katika hali ile, umemuua. Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Yusufu, achia breki. Gia ndogo. Iache injini ituzuie. Mimi nipo." Akaachia. Injini ikanguruma, gari likashikwa, likatulia. Kona moja tukaipita, nikamwambia inayofuata ikoje kabla hatujaiona, naye akaipita. Tukashuka hivyo, mimi nasema, yeye anafuata, mpaka joto la Bonde likatugonga usoni na ukungu ukabaki juu yetu.

Hapo ndipo nilipotazama mkono wangu uliokuwa begani kwake. Ulikuwa umetulia kabisa.

Mtowisa abiria wakashuka na kuku wao na vikapu vyao, wakituaga kwa furaha, hawajui kitu. Yusufu akakaa chini karibu na tairi. Akaniambia, "Kaka Kasiano, ningekuwa peke yangu leo..." 

Fikirini! Ningetoroka, Mzee angempa Yusufu lori kwa haraka, maana mzigo haungoji, na Yusufu angeingia kwenye ukungu ule bila mtu kando yake. Mungu hakuniokoa mimi tu kwa kunizuia kutoroka. Aliwaokoa akina mama wale, ambao hata majina yao sikuwahi kuyajua. Haleluya!

Mwezi ukaisha. Siku ya kukabidhi tulilizunguka lori mimi na Yusufu mbele ya Mzee. Nikamwonyesha spana, jeki, turubai jipya, tairi la akiba, na maradhi yote ya gari lile, mlango usiofungika mpaka uupige teke, na jinsi linavyokataa kuwaka asubuhi za baridi. Kule Mtowisa nilikuwa nimekwisha kuwaaga wateja mmoja mmoja. Waliponidodosa kama Mzee amenipunja, niliwaambia sijawahi kufanya kazi kwa mtu bora kuliko yeye, na ilikuwa kweli.

Bi Zuhura akapika pilau. Tulikula uani, Waislamu na Wakristo, na Ndugu Ambakisye akaalikwa. Mzee akaomba dua, kisha akamgeukia Ndugu Ambakisye akamwambia naye aombe kwa njia yake, ila asirefushe kama kanisani, pilau itapoa. Tukacheka sote. Aliomba kwa ufupi, na huo nao ni muujiza, wanaomfahamu watasema amina.

Tulihamia Izia baada ya mvua, kwenye nyumba ambayo miti yake ilibebwa na lile lile lori la bluu, Yusufu akiwa kwenye usukani, akipiga honi njia nzima kama harusi. Mwaka wa kwanza jembe lilinitoa malengelenge, na majirani walinicheka kwa matuta yangu yaliyopinda. Mwaka wa pili hawakucheka. Mzee Salehe alinunua maharage yangu mpaka alipostaafu biashara, na kila alipokutana na mwajiri mwenzake mjini alinitaja kwa wema. Miaka baadaye nilishuka Bondeni kwenye msiba wa mjomba, nikiwa abiria juu ya magunia. Mnajua nilifanya nini kwenye mteremko? Nilisinzia! Waliniamsha chini.

Sasa nasema nawe uliyekaa hapo, unayefanya kazi ambayo moyo wako umeshaondoka. Huenda ni hofu, huenda ni afya, huenda Mungu anakuita penginepo. Usitoroke. Usitukane unapotoka, hata kama walikutukana. Mwambie Mungu, mwambie mwenzako wa nyumbani, kisha nenda kwa miguu yako ukaseme kweli kwa heshima, ukabidhi kila ulichopewa. Sikuahidi kwamba kila mwajiri atakupa mkono. Nakuahidi kwamba aliye juu atakushika wako. Mimi nimeshikwa, na ninamshukuru Yesu, mke wangu, Ndugu Ambakisye, na nyumba yote ya Mzee Salehe.

Mwenye jambo la kuaga na anayeogopa, anione tukitoka. Nitakusindikiza mpaka mlangoni kwa bosi wako, nikusubiri nje mpaka umalize. Amina, na amina tena!